Nyenje Wasiponyamaza

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Profesa Sylvère ameondoka jana kwa ndege. Ameniachia funguo tatu, magunia mawili ya pumba na daftari jipya la kuandika kila siku joto, mvua, waliokufa na walioanguliwa. "Sikuzani," kasema, "usiandike mawazo yako, andika unachokiona." Miaka kumi na mbili nimemfanyia kazi na bado anaamini jambo hilo linawezekana.

Basi madaftari ni mawili. Lake nalijaza kwa Kifaransa, tarakimu tupu. Hili ni langu, na naliandika kwa herufi za Kiarabu kama babu alivyonifundisha chuoni Buyenzi. Askari akilikuta atadhani ni kitabu cha dua.

Nyenje mia mbili na ushee, panzi sitini, wadudu-vijiti arobaini. Hakuna aliyekufa.

Jumanne, 3 Oktoba

Joto 28. Mvua bado.

Jumatano, 4 Oktoba

Chumba cha wadudu kiko nyuma ya nyumba ya Profesa, hapa Mutanga Sud. Mlango mmoja, dirisha moja, bati juu. Nyenje wako kwenye masanduku kando ya mlango, na wanaimba kutwa nzima kwa sababu chumba kina giza. Wanaoimba ni madume tu, wanasugua mabawa. Masikio yao yako miguuni, chini kidogo ya goti, kwa hiyo mtu akikanyaga sakafu, au hata udongo wa nje karibu na mlango, wote wanakatika mara moja, kama redio iliyozimwa.

Mimi hawaninyamazii. Mwanzoni walininyamazia, na Profesa akahesabu siku: siku ya kumi na nane ya ndala zangu wakaacha. "Wamezoea mwendo wako," akasema. "Kwao wewe si mtu tena, ni sehemu ya chumba." Nikamwambia hata marehemu mume wangu alinizoea hivyohivyo.

Zamu wetu Jovithe, mlinzi wa geti, haingii. "Mi naogopa wadudu, mama," anasema, na anabaki getini hata jua likichoma. Anaburuta mguu wa kushoto. Hatua moja nzito, moja ya kuburuzwa, unamjua kabla hujamwona. Profesa alimwajiri mwaka jana akiwa tayari hivyo. Sijamuuliza kapatwa na nini. Sisi wa Buyenzi hatuulizi mtu katoka wapi wala yeye ni nani hasa. Tumelelewa kuona swali hilo ni aibu, na ndiyo maana mtaa wetu bado una watu wa kila namna, wakati mitaa mingine imegawanywa kama nyama ya sadaka.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza, usiku wa jana. Joto 22. Nyenje wanaimba polepole, baridi inawapunguza mwendo.

Nimefungua mlango asubuhi nikamkuta Valéry amekaa chini kati ya masanduku, magoti kifuani. Ni yule mwanafunzi mwembamba aliyekuwa akimsaidia Profesa kuhesabu mayai, na Profesa alimpa ufunguo zamani. Ameruka ukuta wa nyuma gizani. Wenzake wawili aliokuwa akilala nao chumba kimoja wamekamatwa na vijana wenye orodha ya watu wa kabila wanalolisaka. Jina lake lilikuwa la tatu.

"Mama Amira," kasema, "unifukuze tu. Nitaelewa."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na Profesa na ufunguo wake, na mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua tangu neno la kwanza kwamba sitamfukuza. Nimempa chapati zangu za mchana. Kwenye daftari la Profesa nimeandika wadudu-vijiti arobaini. Hapa naandika arobaini na mmoja.

Alhamisi, 12 Oktoba

Anakaa nyuma ya kizimba kikubwa cha wadudu-vijiti, kile kinachofika darini. Kimejaa matawi ya mpera, na kati yake na ukuta mtu mwembamba anatosha. Dirisha liko hapohapo nyuma. Jovithe hajui. Hakuna anayejua ila mimi na Mola.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua. Panzi wanne wamekufa kwa ukungu.

Jumatano, 18 Oktoba

Mimi natoka saa kumi kamili ili nifike Buyenzi kabla ya amri ya kutotoka nje. Kuanzia hapo Valéry yuko peke yake na wadudu, bila taa. Anasema kuna mvua ndogo inayonyesha ndani ya chumba. Nikamcheka, nikamwonyesha karatasi chini ya kizimba. Ni mayai. Wale wote ni majike, hawana dume hata mmoja wala hawamhitaji, na kila aliyekomaa anadondosha mayai popote alipo, tap, tap, kama mbegu. "Wanawake wenye akili," nimemwambia. Hakucheka. Kasema akilala usiku anahesabu yale matone, na huwa anapata hisia kwamba kuna mwingine anayehesabu pamoja naye.

Jumatatu, 23 Oktoba

Leo nimemfundisha. Mtu akijificha anadhani dawa ni kukauka kabisa. Kijiti anajua zaidi. Hewa ikiwa tulivu anakauka kweli, unaweza kumgusa asishtuke. Lakini upepo ukivuma, matawi yakayumba, na yeye anayumba, kushoto, kulia, polepole. Kwani tawi lisiloyumba kati ya yanayoyumba ndilo linaloonekana. Nimewasha feni, nikamsimamisha nyuma ya majani nusu saa. Mwisho wake nilikuwa namtafuta kwa macho na ninajua alipo.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimemkuta ameukodolea mlango macho.

"Mama, usiku nyenje wamenyamaza."

"Panya."

"Si panya. Panya anapita, wanaimba tena. Hii walinyamaza muda mrefu. Wakaimba. Wakanyamaza tena. Mara tatu."

"Umesikia hatua?"

"Mvua ilikuwa inapiga bati. Sikusikia kitu. Ila wao walisikia."

Nimezunguka nje. Kitasa hakijaguswa, dirisha zima. Nimemwambia ni panya mkubwa. Yeye hakuamini, nami nilikuwa nasema tu.

Jumatatu, 30 Oktoba

Wamenyamaza tena.

Jumanne, 31 Oktoba

Tena.

Jumamosi, 4 Novemba

Kila usiku. Valéry amekonda, macho yamekuwa makubwa. Anasema jambo baya si kelele, ni jinsi ukimya unavyoanza kwa masanduku ya mlangoni kisha unakuja ndani, sanduku kwa sanduku, mpaka unamfikia yeye. Nimesoma Ayatul Kursiyy nikaipuliza pembe nne za chumba. Yeye ni Mkatoliki lakini hakukataa.

Jumanne, 14 Novemba

Lazima niandike.

Saa tano za mchana nyenje walinyamaza. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Upepo unakuja, Valéry," nikafungua dirisha. Kweli mvua ilikuwa njiani. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Vijana watatu, wasafi, viatu vya gharama. Mmoja alikuwa na gruneti kwenye mfuko wa koti, kaishika kama chungwa.

"Huku ndani iko nini?"

"Wadudu, wanangu. Mimi kazi yangu kulisha wadudu."

"Iko mutu?"

"Iko mimi."

Wawili walibaki mlangoni wameziba pua. Yule wa gruneti aliingia mpaka kwenye kizimba. Upepo ulikuwa unaingia kwa nguvu, matawi yote ya mpera yanayumba. Mimi niliona bega la Valéry. Liliyumba na majani, kushoto, kulia, polepole, umbali wa mkono mmoja kutoka uso wa yule kijana.

"Hii tupu," kasema. "Majani tu."

"Wako arobaini. Angalia vizuri."

"Sioni hata moja."

Nikafungua kizimba, nikamtoa mmoja aliyekaribia kukomaa nikamweka kwenye mkono wa koti lake. Akapiga kelele za kitoto na kumkung'uta. Kijiti akaanguka, akaacha mguu wake umeshika kitambaa, maana hivyo ndivyo wanavyojiokoa, wanakuachia mguu wakaenda zao. Kijana akautazama ule mguu unavyochezacheza mkononi mwake. Wenzake wakamcheka mpaka getini.

Nilipotoka nilimkuta Jovithe amesimama katikati ya uwanja, amelowa, anaangalia dirisha letu.

"Kwa nini umewafungulia?"

"Wako watatu, mama. Mi niko moja."

"Wamekuuliza nini?"

"Kama iko mutu. Nimewaambia apana, iko wadudu tu."

Hakunitazama usoni. Alikuwa bado anaangalia dirisha, na matawi yalikuwa bado yanayumba. Upepo ulikuwa umekwisha.

Jumatano, 15 Novemba

Joto 23. Aliyepoteza mguu anakula vizuri.

Ijumaa, 17 Novemba

Sikulala. Nani aliwaambia waje? Nyumba zote za njia hii hazikuguswa. Namfikiria Jovithe, kisha najilaumu, kisha namfikiria tena.

Jumamosi, 25 Novemba

Siku njema! Valéry amelala usingizi wa kweli. Wiki nzima nyenje hawajanyamaza. "Wanaimba mpaka asubuhi, mama. Hakuna mutu anakuja tena." Nimemletea sambusa kumi, kala tisa. Nimemwambia ile ya kumi ni ya panya mkubwa. Amecheka, na ni mara ya kwanza tangu Oktoba.

Kaka yangu Massoudi, fundi wa magari, ameanza kuulizauliza njia ya kumvusha mpaka Uvira, nje ya nchi. Hakuna haraka sasa.

Alhamisi, 30 Novemba

Mvua siku nne. Wameanguliwa vijiti saba, wembamba kama nyuzi.

Jumamosi, 2 Desemba

Nilikuwa nawatilia nyenje pumba, wanaimba wote. Nikasikia kitu nyuma yangu. Nikageuka. Jovithe alikuwa amesimama ndani ya chumba, hatua tatu kutoka mlangoni, kofia mkononi, maji yanamtiririka.

Sikushtuka kwa kumwona. Nilishtuka kwa kile nilichokuwa bado nakisikia. Nyenje walikuwa wanaimba. Mwanaume mwenye mguu wa kuburuza amekanyaga sakafu yao kwa mara ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyenyamaza.

"Mama," kasema polepole, "wale vijana wamepita tena getini jana. Wameuliza. Mi nimekuja kukuambia tu. Angalia vizuri vitu vyako."

"Vitu gani?"

Akatazama kizimba. "Vitu vyako vya ndani." Akavaa kofia, akatoka. Hatua nzito, hatua ya kuburuzwa. Nao wanaimba tu.

Nimekaa chini sakafuni. Siku kumi na nane zilihitajika kwa ndala zangu. Basi huyu amekuwa akija kila usiku. Aliposimama pale mara ya kwanza ndipo walinyamaza, na usiku uliofuata, na uliofuata, mpaka wakamzoea. Ile wiki njema, ule usingizi wa Valéry, zile sambusa! Hakuna aliyeacha kuja. Alikuwepo muda wote, nje ya mbao ya mlango, naye anatusikia tunavyopumua.

Jumapili, 3 Desemba

Nimemweleza Massoudi yote. Kasema, "Dada, huyo anangoja bei ipande." Jumanne atakuja kuvuta ile Pijo ya Profesa iliyokufa uani, kana kwamba anaipeleka gereji. Valéry atakuwa kwenye buti. Shida ni geti. Lazima Jovithe asiwepo.

Niandike na hili, maana nimeambiwa niandike ninachokiona. Nimemtazama Jovithe leo nilipoingia, nikaitazama pua yake. Miaka arobaini na nne nimeishi mji huu na sijawahi kumpima mtu kabila lake kwa pua. Nimempima, nikaamua yeye ni wa upande gani, na nikaamua kwamba wale wenye silaha wa Buterere, nitakakomtuma, hawatamgusa, ni wao kwa wao.

Jumanne, 5 Desemba

Joto 21. Ukungu asubuhi.

Nilimkuta Jovithe anapasha mikono kwenye jiko lake la makaa. Nikamwambia panzi wanakufa, wanataka majani mabichi ya mashamba ya mpunga, yale ya Buterere, gunia zima.

Akaacha kupasha mikono. "Buterere, mama?"

"Buterere."

"Leo?"

"Leo, Jovithe. Au huogopi wadudu tu, unaogopa na kazi pia?"

Akatazama chini kwenye makaa. Halafu akasema, "Ego, mama, naenda," akachukua gunia na fimbo yake. Nilimsikia mpaka kona ya barabara.

Massoudi alifika saa nne. Valéry aliingia kwenye buti, akajikunja, akanishika mkono akauweka kwenye paji la uso wake. Saa sita Massoudi amerudi Buyenzi. Wamepita vizuizi viwili, walimdai sigara tu. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Mpaka saa kumi Jovithe hajarudi. Milio ya risasi imesikika upande wa kaskazini kuanzia mchana.

Jumatano, 6 Desemba

Hajarudi.

Alhamisi, 7 Desemba

Hajarudi. Valéry amefika Uvira. Nimepata habari kwa mchuuzi wa kitenge.

Ijumaa, 8 Desemba

Vijana wale watatu wamekuja. Hakukuwa na mtu wa kuwafungulia geti, wamelivunja. Wamekung'uta matawi yote ya mpera, wamepasua kizimba. Hawakupata kitu. Nyenje walinyamaza kwa kila hatua yao, mpaka walipotoka. Hawa hawakuwahi kuja usiku hata mara moja, nimeelewa sasa.

Jumanne, 12 Desemba

Amekuja mwanamke getini, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Ni Concilie, dada yake Jovithe, anakaa Ngagara. Amebeba maharage kwenye bakuli.

"Mama, kaka yangu hajaja Jumapili. Hajawahi kukosa misa."

Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Nilimtuma Buterere."

Bakuli lilibaki mikononi mwake. "Buterere? Na akakubali?"

"Alikubali."

"Hakukuambia mambo ya mguu?"

"Sikumuuliza."

"Ni kule walimuvunja mguu, mama. Alikuwa anaficha jirani yake ndani ya nyumba. Wakamukuta, wakamuuliza jirani iko wapi, akakataa kusema. Wakamuambia, siku tukikuona tena huku, ni shingo." Akafuta macho kwa kiganja. "Na hapa kwako alikuwa amechoka sana. Nilimuambia lala, we ni zamu, si mzimu, lazima ulale. Akasema, 'Siwezi, Concilie. Iko mutu mule ndani anaogopa.'"

Ameacha maharage. Kasema akirudi nimpe.

Jumatano, 13 Desemba

Nimesogeza pipa la maji lililo kando ya mlango wa chumba, upande nisiopita. Nyuma yake, chini ya ukingo wa bati ambako mvua haifiki, kuna mashimo mawili kwenye udongo. Moja la kina, moja jepesi lenye mstari wa kuburuza. Visigino viko ukutani, vidole vinatazama geti. Na juu, kimo cha mabega, chokaa imesuguliwa na koti mpaka imeng'aa.

Anayetega sikio huugeukia mlango. Huyu aliupa mgongo. Nimesimama katika nyayo zake nikaegemea alipoegemea. Unaona geti, unaona ukuta wa nyuma, unaona njia ya kwenda dirishani. Hakuna anayeweza kumfikia Valéry bila kupita kwako kwanza. Siku arobaini alisimama hapa na mguu ule, kwenye mvua, na mimi nikamwambia anaogopa kazi.

Hakuniambia kwa sababu sikuuliza, na siku nilipotaka kujua nilitazama pua. Nimelia kwa sauti, nyenje wote wakanyamaza. Hiyo sauti hawakuwa wameizoea.

Jumamosi, 16 Desemba

Massoudi amekwenda hospitali mbili na kituo kimoja. Hakuna. Kwenye mashamba ya mpunga maji yamepanda mpaka kifuani, hakuna anayekubali kuingia.

Alhamisi, 21 Desemba

Mvua. Yule kijiti amejibandua ngozi, akaila kama kawaida yao. Mahali pa mguu pameota mdogo, mwembamba, umejikunja.

Jumatano, 27 Desemba

Joto 20. Saa tisa mchana na giza kama magharibi, mvua inapiga bati. Geti nimelifunga kwa mnyororo mwenyewe, ufunguo uko shingoni mwangu.

Nyenje wanaimba. Kisha nje, kando ya pipa, hatua moja nzito. Moja ya kuburuzwa. Kisha kitu kama koti kinaegemea ukuta.

Niliacha pumba, nikangoja wanyamaze. Kwa mgeni wangenyamaza, kwa panya, kwa paka, kwa kila mtu aliyebaki mji huu isipokuwa wawili. Waliendelea kuimba, sanduku kwa sanduku, wala hawakupunguza.

Nimefungua mlango. Mvua tu, na uwanja mtupu. Sikutazama nyuma ya pipa, sikuwa na haja. Nimepasha maharage niliyopika mahali pa yale ya dada yake, kwenye jiko lake, nikaweka kiti ndani, karibu na masanduku, nikauacha mlango wazi.

"Ingia, Jovithe," nimesema. "Unalowa."